Sentimita saba za Mama

Leo nimempigia fundi wangu simu ili nimgombeze. Nimeikata nikilia.

Ngoja niwaeleze.

Mdogo wangu anaolewa Desemba. Nguo za wanawake wa familia anashona Mama Shamim wa Nyakabanda. Nilimtumia faili la vipimo, na fomula niliweka mwenyewe: kiuno cha mtu, jumlisha sentimita nne za kupumulia.

Asubuhi akanirudishia faili. Jumla ya kitambaa imeongezeka!

Mnanijua mimi. Nikafungua mafaili yote mawili, nikalinganisha fomula mstari kwa mstari. Zote sawasawa, isipokuwa mstari wa tisa. Pale kaongeza saba juu ya zile nne zangu.

Mstari wa tisa ni Mama.

"Mama Shamim, hapa umekosea."

"Yewe, sijakosea! Nilimpima juzi, ndiyo kwanza ametoka hospitali, amekwisha kabisa. Lakini harusi iko Desemba. Mimi sishonei mgonjwa. Namshonea mama wa bibi harusi."

"Na asiponenepa?"

"Kupunguza nguo ni kazi ndogo. Wewe mpikie."

Jamani. Kumbe mimi nilishamzoea Mama wa vipimo vya juzi.

Faili langu nimelifuta, limebaki lake. Murakoze, asante sana, Mama Shamim. Nyie wenzangu, mna fundi wa namna hii? Nitajieni hapa chini tumshukuru.

Saa hii Mama anakula isombe, kisamvu chetu. Ananiuliza kwa nini namjazia sahani tena bila kumuuliza.

Nimemwambia ni amri ya fundi.