Mbwa Mwitu Wasio na Mwenyewe

Mtu wangu aliishi siku thelathini na moja kabla hawajamla. Nasema mtu wangu kwa sababu sikumpa jina. Alikuwa mwanamke wa kuchorwa ndani ya kompyuta ya binti yangu, aliyetupwa peke yake katika nchi ya theluji, na kazi yangu ilikuwa kumweka hai. Koti lake la ngozi za sungura nililishona mimi, mtego kwa mtego. Alasiri moja ya Jumamosi, alipokuwa akivuka mto ulioganda huku amebeba nyama ya paa, mbwa mwitu sita walitoka msituni wakamzunguka. Katika muda usiotosha kumenya karanga kumi walikuwa wamemmaliza. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi ya kunijulisha kwamba maisha yale yamefutwa na hayatarudi. Niliyasoma mara mbili, kama mtu anayesoma hukumu.

"Mtanitambua," nikawaambia.

Sikuwa mtu wa michezo. Mimi ni afisa mifugo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimechanja ng'ombe wa watu katika vijiji vya Simiyu, na mwaka ule pikipiki ya kazi iliteleza kwenye udongo mweusi wa njia ya Mwandoya, ikaniangukia kifundo cha mguu. Nikafungwa plasta, nikaletwa kukaa kwenye kochi la nyumba yangu hapa Bariadi. Mama yangu, ambaye umri wake sasa unahesabiwa kwa mavuno na si kwa miaka, alikuja kutoka kijijini kuniuguza, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani. Binti yangu alikuja kwa wiki moja, akarudi chuoni Dodoma, akaniachia kompyuta yake ya zamani na mchezo huo ndani yake, ili nisiendelee, kama alivyosema, kuwagombeza majirani kupitia dirishani.

Nilimpigia simu siku ile ile ya msiba.

"Wameniua," nikamwambia.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Wameniua, wote sita, na wamefuta kila kitu."

Alicheka mpaka nikasikia wenzake wa chumbani wakimuuliza kulikoni. "Ulifanya nini walipokuja?"

"Nilisimama wima, nikawakazia macho."

"Ulisimama? Mama, wale si fisi wa Meatu!"

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu, na ni kosa ambalo mtu wa nchi nyingine asingelifanya. Mtoto wa kwetu, tangu siku anapoanza kuchunga, hufundishwa kwamba fisi ni mwoga wa kitu kilichosimama. Usikimbie, usiiname, simama na upaze sauti, atageuka. Mbwa mwitu hawa wa kijivu, ambao hata yule mbwa mwitu wa mbugani kwetu mwenye madoadoa si ndugu yao wa karibu, wanamwogopa mwenye moto. Asiye na moto, akisimama, anawarahisishia kazi. Nilikuwa nimemuua mtu wangu kwa mafunzo ya utotoni.

Nilianza maisha mapya jioni ile, na sikuyaanza ili niishi. Nilitaka kurudi kwenye mto ule.

Mama alikuwa akifuatilia yote kutoka kwenye mkeka wake, sinia la karanga mapajani. Haoni vizuri vitu vya karibu, lakini vya mbali anaviona kuliko mimi, na kioo kwake kilikuwa mbali. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: kila mara mtu wangu alipoingia kibandani mwake, alikuwa akiuliza, "Umefunga mlango?" Nikimjibu kwamba mlango hujifunga wenyewe, alitikisa kichwa. "Hakuna mlango unaojifunga."

Siku ya tatu ya maisha yale mapya, mbwa mwitu wakalia kwa mbali. Mama aliacha kumenya.

"Hawa ni wa nani?"

Nilimwelewa mara moja. Katika kijiji nilichozaliwa fisi hawezi kuwa fisi tu. Kuna wanaoamini kwamba ana mwenyewe, mtu mwenye jina na shamba na nyumba, ambaye humtuma kama wewe unavyomtuma mtoto dukani. Mimi niliyesoma uzazi na magonjwa ya wanyama kwa miaka minne pale Morogoro nimezikanusha habari hizo katika mikutano mingi ya vijiji. Hata hivyo swali lake lilinishika shingo.

"Hawana mwenyewe, mayu," nikasema. "Ni wa kompyuta."

"Hakuna mtu aliyewatuma?"

"Hakuna."

"Basi waue," akasema, akarudia karanga zake.

Sijui kama nilipata kupewa ruhusa tamu kuliko ile. Nilikuwa nimeingoja kwa miaka arobaini.

Nilipokuwa darasa la tatu, baba alinipa ndama jike aliyefiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Nilimnywesha maziwa kwa kibuyu. Alinifuata kisimani, alinifuata shambani wakati wa kuchuma pamba, na siku moja alinifuata mpaka mlangoni mwa darasa, mwalimu akamuuliza kama ana ada. Alipokaribia kuwa mtamba, asubuhi moja tulikuta zizi lina ng'ombe wote isipokuwa yeye. Tulimkuta ukingoni mwa shamba: kichwa, na kwato moja. Nyayo za fisi zilitapakaa kila mahali, na baadhi zilipita kando ya nyumba ya jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya ua wa minyaa, mwanamke mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia kama macho ya wanawake wote wa rika lake.

Wanaume walikusanyika. Mmoja wao akamwambia baba, "Wewe taja tu. La kufanya tunalijua sisi."

"Fisi ni fisi," baba akasema.

Leo najua alichokikataa. Kwetu, jina kama lile likishatamkwa mbele ya watu, mwenye jina halali tena usingizi wa kweli, na wapo wanawake wazee ambao hawakuamka. Lakini nilikuwa mtoto, mtamba wangu alikuwa kwato moja, na nilimwona baba kuwa mwoga. Kwa kuwa yeye hakumwadhibu yule mjane, nikaamua kumwadhibu mimi, kwa silaha niliyokuwa nayo. Niliacha kumwamkia.

Asiyekulia Usukumani ataona hilo ni jambo dogo. Mtoto humwamkia mkubwa, hupiga goti, na mkubwa humjibu taratibu. Anayenyimwa salamu na mtoto anaambiwa kwamba si mtu. Nilimpita kisimani macho juu. Baada ya miezi kadhaa alianza kuniamkia yeye, mkubwa akimtangulia mdogo, aibu juu ya aibu. "Mwangaluka, ng'wanawane." Habari za asubuhi, mwanangu. Nikampita. Kila asubuhi, kwa miaka mitatu, mpaka nilipokwenda kusoma bweni. Alifariki nikiwa chuoni, na msibani sikwenda. Sikuona haya. Nilijihesabia kwamba mimi peke yangu, katika ukoo mzima, ndiye niliyelipa kisasi cha mtamba.

Sasa nilikuwa na mbwa mwitu sita ambao wangeweza kuuawa bila jina la mtu yeyote kutajwa. Niliwachunguza kwa daftari na kalamu kama ninavyochunguza ugonjwa. Waliifuata harufu ya nyama mbichi. Walimzunguka mtu kwanza, kisha mmoja akajitupa na wengine wakamfuata. Mwenzao akipigwa mshale, wote walirudi nyuma hatua chache kabla ya kujaribu tena. Nguvu yao yote ilikuwa katika duara. Nikajiuliza ni wapi mnyama hawezi kufanya duara, na jibu lilikuwa katika kazi yangu ya kila siku: kwenye kibanio. Ng'ombe mia ni tishio, lakini ukiwapitisha kwenye kile kinjia chembamba cha miti ambamo huingia mmoja mmoja, mwanamke mwenye sindano huwamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nilikitafuta kibanio katika nchi ile kwa siku nyingi za mchezo. Nilikipata juu kidogo ya mto, kati ya majabali mawili, upana wa mnyama mmoja. Nilichonga mishale ishirini. Nilikausha kuni. Kisha, Jumapili baada ya ibada, mguu wangu wa plasta ukiwa juu ya kigoda, niliweka nyama mbele ya mwanya ule, nikamsimamisha mtu wangu ndani, nikangoja.

"Nyuma yako," mama akasema.

"Nyuma ni salama."

"Umeacha wazi nyuma yako!"

Alilisema kwa ukali ambao sikuuzoea. Nikageuka, na kweli, mwanya ulikuwa na tundu upande wa pili. Niliwasha moto pale, moto mkubwa, na nilikuwa sijamaliza walipotokea.

Sitajifanya kuwa nilisikitika. Wa kwanza aliingia na mshale ukampata shingoni. "Huyo ni wa mtamba aliyenifuata kisimani," nikasema. Wa pili alimruka mwenzake akaanguka juu yake. Nilikuwa nikizungumza nao kwa Kisukuma, lugha ambayo siitumii ofisini, maneno ambayo mama alinichapa kwa ajili yake nilipokuwa mdogo, na sasa alikuwa akiyacheka mpaka karanga zikamwagika. Wa tatu na wa nne walikuja karibu pamoja. Wa tano alijaribu kupita nyuma, akakutana na moto, akageuka, nikampiga ubavuni. Wa sita nilimpata mguuni, akachechemea kuelekea msituni akiacha mstari wa damu kwenye theluji.

Nilisimamisha mchezo ili nipumue.

"Huyu wa mwisho," nikamwambia mama, "namuua kwa ajili ya yule mjane. Popote alipo, aone fisi wake wanavyokufa."

Kicheko cha mama kilikatika.

"Usimtaje."

"Kwa nini nisimtaje? Baba alimwogopa. Mimi simwogopi."

"Baba yako hakumwogopa." Alianza kuokota karanga moja moja mkekani. "Jioni ile zamu ya kufunga zizi ilikuwa yangu. Mdogo wako alikuwa akilia kwa homa. Nikasema nimbembeleze kwanza, kisha nitarudi kusukuma tawi la mgunga langoni. Sikurudi. Baba yako ndiye aliyekuta lango wazi alfajiri. Akalifunga kabla hamjaamka, na hakuniuliza hata siku moja."

Niliangalia kioo. Mtu wangu alikuwa amesimama katikati ya mizoga, upinde mkononi.

"Uliniona nikimnyima salamu," nikasema.

"Nilikuona."

"Miaka mitatu, mayu."

"Ningesema nini? Ningesema ni mimi, wangeuliza kwa nini nimenyamaza siku zote hizo, na labda mimi ndiye ningekuwa na fisi." Aliinua sinia, akaliweka chini tena. "Alipokuwa akitangulia kukuamkia, nilikuwa nikiingia ndani nisisikie."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilichofanya ni kurudi kwenye mchezo, nikaufuata ule mstari wa damu mpaka chini ya mti, nikammaliza wa sita kwa kisu ingawa angekufa mwenyewe. Nilifurahi. Ilikuwa furaha kamili, na ilipokwisha nilibaki na hasira yote niliyokuwa nayo tangu asubuhi ile ya zizi, bado mbichi, na mtu mmoja tu chumbani.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, kanga mabegani, akiota jua, kama anavyokaa kila asubuhi kuingoja salamu yangu kabla hajanywa chai. Nilimpita kwa magongo yangu. Nilichemsha chai, nikamwekea kikombe, nikarudi ndani. Kazi ya miguu mitatu, na mdomo haukufunguka hata mara moja.

Kikombe hakukigusa. Jua lilipofika katikati ya ua, nilimsikia kutoka dirishani.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

Mkubwa akimtangulia mdogo. Ilikuwa sauti yake, lakini maneno yalikuja na kisima kizima, ndoo na tope, na macho mekundu ya mwanamke aliyekuwa akiningoja nipandishe maji. Nilikuwa na jibu ulimini. Nililishikilia. Nilitaka alionje, na nilitaka lidumu. Siku ile nzima sikumjibu, wala binti yangu alipopiga simu kuuliza vita vimeishaje sikupokea.

Siku ya pili nilitoka kabla jua halijapanda. Kupiga goti kwa mguu wa plasta haiwezekani, kwa hiyo nilishika fremu ya mlango, nikainama kadiri nilivyoweza.

"Mwangaluka, mayu."

Alichelewa kujibu. Alikuwa na kila haki ya kuchelewa. Kisha akaitikia, akavuta kikombe cha chai, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Siku moja tu," akasema, "na nimeiona ndefu."

Plasta ilipotolewa ndipo nilipomuuliza mama yule mjane alizikwa wapi. Kaburi liko kule kule, ng'ambo ya ua wa minyaa. Nilikwenda peke yangu asubuhi, kwa kuwa salamu niliyokuwa nadaiwa ilikuwa ya asubuhi.