Mkeka wa Kahawa

Nikipita kijijini kwetu Nyaishozi msimu wa kuanika kahawa, harufu yake hunirudisha kwenye siku moja ya utotoni. Dada yangu mwenye kifafa alianguka juu ya mkeka wa kahawa, uani kwetu, akatetemeka mwili mzima huku povu likimtoka. Nilipiga magoti nimlaze ubavu, kama mama alivyonifundisha.

“Usimguse,” shangazi alisema. “Povu likikupata, kesho unaanguka wewe.”

Nikarudi nyuma. Shangazi aliuvuta mkeka kutoka chini yake ili kahawa isichafuke, na kichwa cha dada kikabaki kinagonga ardhi kavu. Mama alikuja mbio kutoka migombani, akamgeuza, akamwekea khanga chini ya kichwa.

“Na wewe ulisimama tu?” aliniuliza.

“Muache,” shangazi alimjibu. “Huyu ndiye mwenye akili hapa.”

Siku hiyo shangazi alinipakulia ndizi na maharage kwenye sahani yangu peke yangu, nisile tena sahani moja na dada. Sentensi inayofuata nimeifuta mara tatu, kwa sababu kila mara niliandika kwamba nilikula kwa uchungu. Nilikula kwa furaha, nikaomba kuongezewa.