Paa la Pembe Likisubiri Uswisi

Vita vya sabini na nne vilimtoa mama mkwe wangu, Pembe, kwao Pafo, kusini mwa Kupro, akapewa nyumba waliyoikimbia Wagiriki hapa Güzelyurt, upande wetu Waturuki. Hakuwahi kuipigilia hata msumari. Si uvivu! Kila wakubwa wanapoketi kuiunganisha Kupro, mji wetu ndio wa kwanza kurudishwa kwa Wagiriki kwenye ramani. Sasa utakarabati ya nani?

Baridi moja boriti ya chumbani kwake ikapinda, maji yakamdondokea kitandani. Nikamwambia mume wangu, Erdal, alete fundi.

"Subiri kidogo, wakubwa wako Uswisi kwenye mazungumzo. Safari hii wanabadilishana ramani."

"Ramani itamkinga mama yako na mvua?"

"Wewe nawe! Tutengeneze leo, kesho tuambiwe tufungashe?"

Pembe akacheka. "Mwache, mwanangu. Mie nishazoea kulowa."

Huko Uswisi, hotelini, wapatanishi wakapiga picha, wakatangaza kwamba wamekaribia mno kuafikiana. Wamekaribia! Tangu sijaolewa wamekaribia.

Kiangazi kilipokaribia akaja Androula, Mgiriki aliyezaliwa nyumba ile. Tangu vizuizi vya mpakani vifunguliwe huja kila mwaka kunywa kahawa na Pembe, wakiongea Kigiriki, alichojifunza Pembe utotoni Pafo. Akaitazama dari.

"Pembe! Mbona unaniozeshea nyumba ya baba?"

"Yako? Haya, itengeneze."

"Kwetu watasema nimewaachia Waturuki."

"Na wangu watasema nimerukwa na akili, najengea wenyewe."

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka hata chembe.

Julai mazungumzo yakavunjika. Nikadhani sasa fundi atakuja. Wapi! Erdal akasikia kuna mjumbe mpya wa Umoja wa Mataifa anatarajiwa, akasema tumpe muda. Mvua ya kwanza ya vuli ikaangusha boriti, nayo ikamwangukia Pembe kitandani. Tulimzika kesho yake adhuhuri. Androula alivuka kizuizi, akalia kuliko sisi.

Wiki iliyofuata nikamuuliza Erdal habari za jiwe la kaburi.

"Tungoje kidogo," akanong'ona. "Wanasema mazungumzo yanarudi. Makaburi haya yakiangukia upande wao..."

"Koma! Umemngojesha akiwa hai, na akiwa maiti pia umngojeshe?"

Akajifunika uso, akalia kwa sauti. Sikumbembeleza. Nikatoka kununua saruji ya kaburi. Mwenye duka, jirani yetu wa siku zote, akaniangalia kwa huruma.

"Jirani, mngesubiri kwanza tuone mjumbe anasemaje."