Kitambaa cha Nne

Fundi cherehani mmoja, mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake, aliifungua injini ya gari lake uani ili kesho yake ampeleke mama yake kliniki ya macho. Vumbi lisiingie, akaziba matundu manne ya hewa kwa vitambaa, tena kila kimoja amekipinda kingo. Mazoea yana taabu.

Injini haikumsumbua. Aliyemsumbua ni shemeji yake, dereva wa lori, aliyemshikia ufunguo wa gari huku akichungulia kila nati bila neno. Mtu wa kuchungulia kimya ana lake jambo, na fundi alilijua: shemeji anaomba gari ligome, ampeleke mama yeye, dua zote azibebe yeye.

Akafunga nati ya mwisho. "Lete ufunguo, shemeji."

"Vitambaa umetoa vyote?"

"Nimetoa. Unanichelewesha makusudi, nakujua wewe."

"Basi nionyeshe vinne."

Fundi akavitandaza juu ya boneti kwa madaha. Vikawa vitatu. Akamkazia macho shemeji. "Hebu geuza mifuko."

Shemeji akaigeuza bila ubishi. Yakadondoka maganda ya karanga.

Mama akasema kutoka mlangoni, "Mwanangu, hata mimi nisiyeona vizuri naona kilipo. Ukiliwasha gari, litakimeza."

Fundi akaokota spana, akaanza kufungua upya nati alizozikaza kwa jasho. Shemeji akasogea amsaidie.

"Kaa huko huko," fundi akasema. "Na mikono niione."