Ukuta wa Mama Kwamboka

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchora ramani za majengo lilikuwa kunyamaza. Mdogo wangu, wewe unayejifunza kwa simu na vitabu vya kuazima kama nilivyojifunza mimi, nisikilize, ingawa bado sina mvi za kutolea nasaha.

Nakumbuka asubuhi moja pale Keroka. Mama Kwamboka, mwenye hoteli ya chai na matoke, alikuwa akipanga kukodi vyumba viwili ghorofani na kubomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mmoja. Jengo si lake, kwa hiyo kila badiliko lilihitaji ruhusa ya mwenye jengo na ya kaunti. Mchoro ulikuwa tayari, lakini niliurudia tena na tena. Mstari ukizidi upana wa unywele, nafuta.

"Hii karatasi ni ya kubomoa ukuta ama ni ya kutundika kanisani?" aliniuliza.

Nikacheka, nikamwambia atie saini mkataba wa kukodi vyumba bila wasiwasi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimesikia kanuni za ujenzi zinabadilishwa. Sikuwa nimezisoma, na kwa mtu asiye na cheti kama mimi, kusema "sijui" kulinitisha kuliko kuharibu.

Mchoro ulipofika kaunti, kanuni mpya zilikuwa zimeanza kutumika. Afisa alieleza kwa upole kwamba ukumbi wa ukubwa ule sasa ulihitaji ngazi ya pili, ya kutorokea moto. Jengo lilikuwa na moja tu, na mwenye jengo akakataa kuongeza nyingine. Mama Kwamboka alikuwa ameshatia saini na kuacha chumba chake cha zamani.

Nilingoja matusi. Hakunitukana. Alikulia Ekerenyo, kwenye mashamba ya chai, akanisemesha kama mtu wa shamba.

"Mwanangu, sheria siigombi. Wanaokula kwangu ni watoto wa watu. Moto ukishika, watatokea wapi? Lakini jani la chai likicheleweshwa shambani likakomaa, hata ulichume kwa adabu namna gani, kwenye kituo cha kununulia chai watalikataa. Ungesema, 'Mama, kuna jambo silijui,' ningetafuta jengo lenye ngazi mbili."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa. Na mimi ndiye niliyebaki na ukuta."

Sasa anapikia na kuuzia katika chumba kimoja. Kile kingine alikirudisha, kikachukuliwa na kinyozi. Nikienda kula pale, nasikia mashine ya kunyoa ng'ambo ya ukuta ambao nilikuwa nimeuondoa vizuri sana kwenye karatasi.

Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Kanuni zitabadilika tena, wewe ukiwa katikati ya kazi ya mtu. Mpangaji ajue hivyo kabla hajatia saini, na mchoro ukishatosha, upeleke kaunti. Mungu akupe mkono mtulivu, na ulimi usioona haya.

Mimi siku hizi, kabla sijashika penseli, humwambia mteja kwanza lile nisilolijua.