Jinsi Apondi Alivyoiona Sauti ya Mama

Apondi alipoteza usikivu akiwa darasa la pili, baada ya homa kali ya uti wa mgongo. Tangu hapo aliwasoma watu midomoni: mama yake, majirani wa mtaa wa Baba Dogo, wauza mboga. Alipojiunga na masomo ya sanaa ya kompyuta katika ukumbi wa vijana Dandora, alichagua kiti cha mbele ili asipitwe na mdomo wa mwalimu.

Siku mwenzake Khalif alipoonyesha kazi yake, Apondi hakutarajia mengi.

"Ni sauti ya nyanya yangu," Khalif alisema, akimgeukia ili amwone vizuri. "Anasimulia mvua iliyonyesha siku niliyozaliwa."

Sauti! Apondi akaona hiyo haimhusu. Kisha maneno ya nyanya yakaanza kutokea kwenye skrini, yakiifuata sauti yake. Nyanya alipopaza sauti, yalivimba. Aliponong'ona, yalikonda kama nyuzi. Ghafla neno "matope" likatikisika, likarukaruka, likatawanyika herufi mojamoja.

Apondi aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka. "Hapo amecheka! Khalif, nyanya yako amecheka, sivyo?"

"Alicheka mpaka akakohoa," Khalif akajibu, macho yamemtoka.

"Rudisha! Manze, rudisha tena!"

Mwalimu Javan alitaka kila mwanafunzi atoe maoni kwa zamu. Zamu zikasahaulika. Apondi aliuliza hili na lile, akasema mahali pa huzuni herufi zimesimama wima mno, ziiname kidogo. Khalif akaziinamisha papo hapo, darasa zima limemzunguka.

Jumamosi alimvuta mama yake, Celine, kutoka kwenye kibanda chake cha viatu katika soko la Gikomba hadi ukumbini, ambako Khalif alikuwa ameiwasha programu yake.

"Sasa niseme nini?" Celine aliuliza mbele ya maikrofoni, mkoba kwapani.

"Niite tu, vile ulikuwa ukiniita nikiwa mdogo."

Celine akavuta pumzi, akaita. Jina likajaa skrini nzima, na herufi ya mwisho ikanyooka, ikanyooka, hadi ikapita ukingoni. Apondi aliifuata kwa kidole.

"Kumbe mama una sauti kubwa hivi!"

"Ulikuwa unaenda kucheza mbali, we mtoto," Celine akasema, akijifuta macho kwa leso.

Apondi alimkumbatia, kisha akamgeukia Khalif. "Haya, sasa mimi. Nataka kuiona yangu."

Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaanza kuimba.