Siku Niliyomfukuza Dume

Nianze na wenye makosa, mtu asije akasema niliwaficha. Kuna muuza samaki wa pale karibu na soko, aliyeniapia kwamba hawa samaki wawili wa kufuga ni mume na mke na wanapendana. Kuna kaka yangu mkubwa. Halafu kuna dume mwenyewe, mistari myeusi mwili mzima kama mtu aliyetoroka jela.

Nilikuwa nimeweka tangi la kioo kwenye saluni yangu hapa Nakuru, mteja akikaa chini ya draya awe na kitu cha kutazama. Na kweli walitazama! Wiki haikuisha dume akaanza kumpiga jike. Jike akila, anafukuzwa. Akijificha nyuma ya jiwe, anatolewa. Mapezi yake yakachanika kama kitambaa kilicholiwa na panya, na lile tumbo la rangi ya chungwa lililonifanya nimpende likapauka.

"Mathe, huyu atakufa," mteja mmoja akaniambia, kichwa kimejaa rola. "Na akifa, mimi sirudi kusukwa kwenye matanga."

Nikampigia simu muuza samaki. "Watazoeana," akasema. Watazoeana! Neno hilo nililishwa miaka yote ya ndoa yangu, mpaka siku niliyotoka humo nikiwa nimepungukiwa jino moja lakini akili zangu zote ninazo.

Kaka yangu alipopita kunywa chai, aliinamia tangi kama mtu aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo. "Mtoe mke akae kando kidogo," akasema. "Mume akipoa, umrudishe."

Nikachota maji ya tangi lenyewe nikayatia kwenye ndoo, nikamhamishia jike humo. Siku chache tu, mapezi yakaanza kuota. Nikamrudisha. Wueh! Dume alimjia kama askari wa kaunti aliyemwona mama mboga. Wakati jike hayupo, kila jiwe lilikuwa limekuwa la dume, na sasa mke alikuwa mgeni aliyeingia bila hodi.

"Mrudishe kwenye ndoo," akasema kaka yangu, aliyekuwa amepita tena kunywa chai. "Labda hakukaa vya kutosha."

Hapo nikawaka. Huyu ndiye aliyekuwa akinipeleka kwa mama kule Dundori na begi langu, kila nikipigwa, kisha ananirudisha kwa mume wangu ati nimeshapumzika. Hakuna hata siku moja aliyomwambia yule mume atoke.

"Kwani lazima kila mara mke ndiye abebe begi?" nikamwuliza.

Nikashika chujio kubwa la uji nikamvamia dume. Akakimbia, nikamkimbiza, maji yakamrukia kaka yangu kwenye koti, na yule mteja wa rola, aliyekuwa amerudi siku hiyo, akapanda juu ya kiti akipiga kelele, "Huyo! Kushoto, mathe! Kushoto!" Nikamnasa. Nikamtumbukiza kwenye ndoo, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Ni samaki tu," kaka yangu akasema akijipangusa.

"Basi mbona unamtetea?"

Mimi shule niliachia darasa la sita, haya mambo sikufundishwa na mtu. Ilikuwa hasira tupu. Nikapangua mawe yote, dume akirudi asikute lake hata moja, nikaongeza na chungu kilichomeguka mdomo, kwa sababu hata mimi nilipopata chumba changu kitu cha kwanza nilisogeza kitanda. Jike akakizunguka kile chungu, akaingia, akakifanya chake. Akawa anakula mbele ya kioo bila kuangalia nyuma. Rangi ya tumbo ikarudi.

Dume nilimrudisha tangini siku ambayo saluni ilikuwa imejaa. Kaka yangu naye alikuwepo, ati amekuja kuona haki. Dume akaelekea chunguni kifua mbele. Jike akatoka, akamgonga ubavuni pah! Yule bwana aligeuka akakimbilia kona, nyuma ya bomba la hewa, mistari yote imefifia. Saluni ikalipuka vigelegele, draya zikiwa zinanguruma bila vichwa.

"Sasa mwanamume ataishi hivyo," kaka yangu akauliza, na alikuwa ameumia kweli, "kwenye kona ya nyumba yake?"

"Hiyo nyumba si yake. Amekaribishwa."

Nikamwaga chakula. Jike akala, akashiba, akarudi chunguni. Ndipo dume akatoka polepole kuokota yaliyobaki, na hilo pia tukalipigia makofi.